Rungu la kujihami la inchi 21: chuma kinaridhisha, tangazo ndilo bovu

Mwishoni mwa mwaka jana nilinunua marungu mawili ya chuma yanayorefuka kutoka duka moja la mtandaoni hapa Marekani, moja langu na la pili la mdogo wangu anayesoma California. Langu lingali nyumbani kwangu Texas. La pili lilirudi dukani likiwa bado ndani ya nailoni yake. Tathmini hii inahusu rungu lenyewe, duka lililoniuzia, na sentensi moja iliyokolezwa wino chini ya picha ya bidhaa, "halali katika majimbo yote 50", ambayo ndiyo iliyonishawishi kulipia na ambayo baadaye nilibaini kwamba haina ukweli.

Nianze na chuma, kwa kuwa chuma hakina kosa kubwa. Ni rungu la vipande vitatu vinavyoingiana kama antena ya redio ya zamani. Likiwa limefungwa lina urefu wa kama sentimita 20, na likifunguliwa linafika inchi 21, yaani sentimita 53. Kwenye mizani yangu ya jikoni lilisoma gramu 540, uzito unaotosha kuuvuta mfuko wa koti upande mmoja. Mshikio umevikwa mpira wenye vijichirizi vinavyoshika vizuri hata mkono ukiwa na jasho. Halina kitufe, unalirusha kwa kukunjua kifundo cha mkono, vipande vinachomoka kwa kishindo kikavu na kukazana kimoja ndani ya kingine kwa msuguano tu. Kulirudisha ndani ni shughuli nyingine kabisa, kwa sababu ncha lazima ipigwe wima kwenye kitu kigumu, na tangazo halimwambii mnunuzi kwamba zulia halifai, nyasi hazifai, na vigae vya jikoni vinafaa lakini vinapasuka. La vigae nililijua kwa gharama yangu. Siku hizi ninalifungia kwenye saruji ya mlangoni, nimepiga goti kama mtu anayepigilia msumari ardhini, na jirani yangu ameshazoea.

Kasoro nilizoziona ni tatu. Kibanio cha ndani, ambacho kazi yake ni kuzuia vipande visichomoke vyenyewe, kilikuja kimelegea, hivyo kila nilipoinamisha rungu ncha ilikuwa inateleza nje. Ilinibidi nifungue kifuniko cha chini na kuitanua mikono miwili ya kibanio hicho kwa vidole, na baada ya hapo hakikusumbua tena. Pili, ukilichoma kwa mbele badala ya kupiga kwa ubavu, vipande vinarudi ndani, kwa kuwa nguvu ya kusukuma ncha ni ileile inayolifunga. Hiyo ni tabia ya marungu yote ya msuguano, na asiyeitaka atafute yenye kitufe cha kufungia, ambayo ni ghali zaidi. Tatu, baada ya siku chache kwenye gari lenye unyevu lilianza kuota vidoa vya kutu. Lifutwe kwa kitambaa kikavu, wala lisipakwe mafuta kwenye viungio, maana mafuta yanaua msuguano ambao ndio unaolishikilia lisimame. Ala yake ya kitambaa, inayouzwa kando, ilifumuka mshono mapema na sina zaidi la kusema kuihusu.

Kwa dola 46, kama ningekuwa ninapima chuma peke yake, ningetoa nyota nne na kuishia hapo. Lakini mtu hanunui rungu la aina hii ili kukaa nalo sebuleni. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika kituo cha kutunzia wazee, zamu yangu ni ya usiku, na maegesho ya wafanyakazi yako nyuma ya jengo ambako taa mbili kati ya nne hazijawaka tangu nianze kazi. Nilitaka kitu cha kushika mkononi kwa mwendo wa dakika tatu. Mdogo wangu naye hutoka maktaba usiku wa manane, nikaona nimtumie zawadi. Nilipomwonyesha mwenzangu wa zamu, mzee mmoja aliyewahi kuwa mlinzi California kabla ya kuhamia huku, alilipokea, akaligeuza mara moja, akanirudishia. "Dada, kule nilikuwa na kibali cha kitu hiki, na hata hicho kibali kilikuwa kinafanya kazi nikiwa nimevaa sare tu. Usimtumie mtoto wa watu kesi kwa posta." Usiku huohuo, wakati wa mapumziko, nilianza kusoma sheria ambazo duka lilipaswa kuzisoma kabla yangu.

Jambo la kwanza linalomkwaza mnunuzi ni kwamba neno lililoandikwa kwenye boksi halimo katika sheria nyingi. Boksi linasema ni rungu la kujihami linalorefuka. Sheria za majimbo, nyingi zikiwa za zamani, zinataja silaha za mabaharia, za wahuni wa bandarini na za polisi wa doria wa enzi zao: "billy", yaani kirungu kifupi cha polisi, "blackjack" na "sap", ambazo ni madini ya risasi yaliyoshonewa ndani ya ngozi, "bludgeon", gongo lolote zito la kupigia, na "slungshot", uzito uliofungwa kwenye kamba. Hii ya mwisho ndiyo silaha iliyotajwa katika kesi ya mauaji ya mwaka 1858 ambamo Abraham Lincoln, akiwa bado wakili wa Illinois, alimtetea Duff Armstrong na kushinda. Ukiitafuta bidhaa yako katika orodha hizo kwa jina la dukani hutaiona, na hapo ndipo wengi, nikiwemo mimi, wanapodhani kwamba wako salama. Uhalali wa rungu hili haumo katika chuma chake. Umo katika jina ambalo mahakama ya jimbo husika italibatiza siku utakapokamatwa nalo.

California ni mfano ulionigusa moja kwa moja. Kifungu cha 22210 cha Kanuni ya Adhabu ya jimbo hilo kinakataza kutengeneza, kuingiza jimboni, kuuza, kutoa, kuazimisha au kumiliki chombo chochote cha aina inayojulikana kama billy, blackjack, sap na jamaa zake, na adhabu yake inaweza kufika mwaka mmoja katika jela ya kaunti, au kifungo kizito zaidi mwendesha mashtaka akiamua kulifanya kosa kubwa la jinai. Msomaji na aiangalie orodha ya vitenzi hivyo pole pole kama nilivyoiangalia mimi. Kukataza kubeba ningekutarajia. Kukataza kumiliki, hata chini ya kitanda chumbani mwako, kulinishangaza. Lakini kuingiza jimboni na kutoa ndiyo maneno yaliyonifanya niweke chini kikombe cha chai, kwa sababu hayo mawili kwa pamoja ndiyo maelezo kamili ya dada anayemtumia mdogo wake zawadi. Sheria hiyo inawaachia askari polisi, na walinzi wenye sare waliopitia mafunzo yaliyoidhinishwa, kama alivyoniambia mzee wa zamu. Mwanafunzi anayetoka maktaba hayumo.

Nilidhani pengine neno "kujihami" lingemwokoa. Kesi ya People (yaani jimbo lenyewe kama mshtaki) dhidi ya Grubb, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 1965, inaonyesha kinyume chake. Mshtakiwa alikuwa na gongo la besiboli lililovunjika upande mwembamba, likazungushiwa utepe pale lilipovunjika, akalibeba ndani ya gari lake. Gongo la besiboli ni kifaa cha mchezo na hakuna anayekamatwa kwa kuwa nalo. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba sheria haikulenga silaha za asili peke yake, bali pia kitu cha kawaida ikiwa mazingira yanaonyesha kwamba aliyenacho anakusudia kukitumia kwa hatari. Na miongoni mwa mazingira hayo yalikuwamo maelezo yake mwenyewe kwamba alilibeba kwa ajili ya kujilinda. Kwa hiyo neno ambalo muuzaji wangu amelichapisha kwenye boksi kama sifa ya bidhaa, huko linaweza kusomwa mahakamani kama ushahidi dhidi ya mwenye boksi.

Ni haki niseme kwamba katazo hilo limepingwa. Katika kesi ya Fouts dhidi ya Bonta, Jaji Roger Benitez wa mahakama ya shirikisho kule San Diego kwanza aliliunga mkono mwaka 2021, kwa hoja kwamba ni la muda mrefu. Kisha mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu ya Bruen, inayoitaka serikali ithibitishe kwamba katazo la silaha linaendana na mapokeo ya kihistoria ya taifa katika kudhibiti silaha. Kesi ikarudishwa kwake, na Februari 2024 jaji yuleyule akatamka kwamba kukataza kirungu cha billy kunavunja Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya raia kuwa na silaha. Jimbo likakata rufaa. Baadhi ya wauzaji waliikimbilia habari hiyo kama pumzi ya mtu aliyekuwa anazama, lakini mtu anayenunua kwa kutegemea hukumu ya ngazi ya kwanza iliyokatiwa rufaa anauweka uhuru wake rehani kwa kesi ya watu wengine, na mimi sikuwa tayari kumweka mdogo wangu rehani kwa dola 46.

Kwa upande wa New York, ubishi ulikuwa juu ya malighafi. Sheria ya huko, kifungu cha 265.01, inakataza kumiliki billy bila kueleza billy ni nini, na hukumu ya mwaka 1985 ilikuwa imelichukulia neno hilo kumaanisha kirungu kizito cha mti chenye mshikio. Mtu mmoja alipokamatwa na rungu la chuma linalorefuka lenye mshikio wa mpira, ambalo ukilisoma katika hukumu unaona kama linaelezwa hili langu, mahakama za chini zilikubali kwamba chuma si mti na kesi ikafutwa. Mwaka 2016, katika kesi ya People dhidi ya Ocasio, mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaikataa hoja hiyo na kusema kwamba rungu la chuma linalorefuka linaweza kuitwa billy. Kwamba polisi wenyewe walishaacha mti na kuhamia chuma, na jina halibaki nyuma kwa sababu kitu kimebadilika umbo. Kosa hilo ni la daraja A miongoni mwa makosa madogo, na kifungo chake kinaweza kufika siku 364. Nakiri kwamba hoja ya mahakama ni ya busara, ingawa inamwachia raia wa kawaida kazi ya kukisia kamusi itasomwaje siku ya kukamatwa.

Illinois nayo ina jambo la kustaajabisha zaidi. Aya ya kwanza ya kifungu chake cha silaha inakataza kabisa kumiliki bludgeon. Aya inayofuata inataja billy, lakini kwa sharti kwamba aliyenacho awe na nia ya kukitumia isivyo halali dhidi ya mtu mwingine. Rungu ni lilelile, jimbo ni lilelile, ukurasa ni uleule. Likiitwa jina moja kulimiliki tu ni kosa, likiitwa jina la pili kosa linategemea kilichomo moyoni mwa mwenye nalo. Ningependa kumwona mtu wa matangazo wa lile duka akiisoma aya hizo mbili kwa sauti kisha aeleze "majimbo yote 50" aliyapata wapi.

Yako majimbo yaliyokwenda njia nyingine, na tathmini isingekuwa ya haki bila kuyataja. Oregon ilitangulia mapema sana: mwaka 1980, katika kesi ya Kessler, mahakama yake ya juu ilisema kwamba katiba ya jimbo inalinda haki ya kuwa na kirungu nyumbani, na mwaka uliofuata, katika kesi ya Blocker, ikaipanua haki hiyo hadi nje ya nyumba. Connecticut inakataza kubeba rungu la polisi mwilini au ndani ya gari, lakini mwaka 2014, katika kesi ya DeCiccio, mahakama yake ya juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumwadhibu mtu aliyekuwa anahama tu, akisafirisha rungu lake linalorefuka pamoja na vyombo vyake kutoka nyumba ya zamani kwenda mpya. Florida inalitaja billie, yaani billy yuleyule kwa tahajia nyingine, kwa jina katika tafsiri ya silaha iliyofichwa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2023 mtu anayetimiza masharti ya kibali, ukiwamo umri wa miaka 21, anaweza kubeba silaha ya namna hiyo bila kuwa na kibali chenyewe.

Sasa nirudi nyumbani Texas, ambako nilidhani sina la kuhofia. Hadi mwaka 2019, kubeba rungu hadharani hapa kulikuwa kosa la daraja A, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 46.01, inatafsiri rungu kuwa chombo kilichobuniwa mahsusi kwa ajili ya kudhuru vibaya kwa kupiga. Bunge la jimbo likapitisha mswada namba 446, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 katazo la kubeba likaondolewa. Hiyo ndiyo nusu ya habari ambayo duka linaisimulia. Nusu ya pili imo katika kifungu cha 46.03, kinachotaja mahali ambapo rungu bado ni marufuku: shule, vituo vya kupigia kura, mahakama, eneo la uwanja wa ndege linaloingiwa kwa kukaguliwa, na, katika aya ya 11, hospitali na vituo vyenye leseni vya kutunzia wazee, isipokuwa uongozi wa kituo uwe umetoa ruhusa ya maandishi.

Niliisoma aya hiyo nikiwa nimeketi ndani ya kituo chenye leseni cha kutunzia wazee, rungu likiwa kwenye mkoba wangu chini ya meza.

Sheria hiyo inafafanua kwamba eneo linalokatazwa ni jengo, na kwamba maegesho, njia za magari na njia za miguu hazimo. Kwa hiyo ninaruhusiwa kuwa nalo kutoka kwenye gari hadi hatua ya mwisho kabla ya mlango. Baada ya hapo sina pa kuliweka. Ili rungu linifae katika zile dakika tatu za giza lazima niwe nalo mkononi, na nikiwa nalo mkononi siwezi kuingia kazini. Nikiliacha garini ili niingie kazini kihalali, nitalikuta garini asubuhi baada ya kuivuka njia ileile mikono mitupu. Nilijaribu kufikiria sanduku dogo karibu na mlango, kufuli, hata kichaka. Nilimwomba meneja ruhusa ya maandishi, na jibu lake la adabu lilikuwa kwamba afadhali atengeneze taa. Taa moja imetengenezwa.

Kuliacha garini nako si suluhisho kamili. Texas ina sheria ya kazi inayomzuia mwajiri kumkataza mfanyakazi kuhifadhi bunduki yake halali ndani ya gari lililofungwa kwenye maegesho ya kazini, lakini sheria hiyo inazungumzia bunduki na risasi zake peke yake. Rungu halimo, na mwajiri akiamua kulikataza hata garini, hakuna kifungu hicho cha kunitetea. Jambo hili linajirudia mahali pengi: sheria inaikumbuka bunduki na kulisahau rungu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayepitia jimbo lenye masharti makali akiwa na bunduki isiyo na risasi iliyofungiwa mbali naye, mradi anakotoka na anakokwenda inaruhusiwa. Mwenye rungu hana kinga hiyo. Anayeendesha gari kutoka Texas hadi Oregon kupitia California anavuka mpaka akiwa mtu huru na, bila kushuka kwenye kiti chake, anakuwa mtu anayemiliki kitu kinachokatazwa na kifungu cha 22210. Kwa ndege ni rahisi kidogo: marungu hayaruhusiwi kuingia nayo ndani ya ndege lakini yanaruhusiwa kwenye mizigo inayopakiwa chini, ingawa mkaguzi wa mizigo hakuulizi sheria ya jimbo utakaloshukia. Tena ofisi za shirikisho, popote zilipo nchini, zinakataza silaha ya hatari ndani ya majengo yake, hivyo anayelining'iniza kiunoni akumbuke kulivua kabla ya kwenda kufuatilia hati zake.

Liko pia suala la kulitumia, ambalo kijitabu kilichokuja na bidhaa kimelimaliza kwa mchoro wa mtu anayepiga hewa. Kuruhusiwa kubeba na kuruhusiwa kupiga ni mambo mawili. Kwa sheria ya Texas, nguvu ya kujitetea inahalalishwa kwa kiwango kile tu ambacho mtu anaamini, kwa sababu za kuridhisha, kwamba kinahitajika papo hapo. Na nguvu ya kuua inatafsiriwa kuwa ile ambayo, kwa namna inavyotumika, inaweza kusababisha kifo au jeraha baya. Rungu la chuma la nusu kilo likishuka kichwani linaingia katika tafsiri hiyo bila kubisha hodi. Ndiyo maana mafunzo ya polisi huugawa mwili kwa rangi, mapaja na mikono ikiwa katika rangi ya kijani, kichwa, shingo na uti wa mgongo vikiwa katika nyekundu. Nilijaribu kupiga mfuko wa mchanga uliotundikwa kwenye mti, nikilenga alama niliyoichora usawa wa paja. Katika mapigo 30 niliipata alama mara 11, mchana, nikiwa nimetulia, na mfuko haukuwa unanijia. Aliyeandika kwenye tangazo kwamba bidhaa hii "haihitaji mafunzo" hajawahi kuukosa mfuko wa mchanga.

Huduma ya duka nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonikera zaidi. Mizigo yote miwili ilifika baada ya siku tano, imefungwa vizuri, hilo siwanyimi. Nilipowaandikia kuuliza kauli yao ya majimbo 50 inatokana na nini, jibu la kwanza lilikuwa shukrani kwa kuwachagua na kiungo cha kununua ala. Nilipoandika mara ya pili, nikitaja California na New York, walijibu kwamba wao si wanasheria na kwamba ni wajibu wa mnunuzi kujua sheria za mahali alipo. Nisingekuwa na ugomvi na kauli hiyo kama ndiyo ingekuwa imeandikwa chini ya picha. Muuzaji hawezi kuwa mwanasheria wakati wa kunishawishi na kuacha kuwa mwanasheria wakati wa kuulizwa. Lingewagharimu kidogo sana kuiambia tovuti yao ikatae anwani za majimbo yanayokataza. Badala yake, nilipojaribu kuweka anwani ya mdogo wangu ili nione kitakachotokea, ukurasa ulinipa punguzo la asilimia 10 kwa kununua la tatu.

Kwa anayeishi katika jimbo linaloruhusu, ambaye hatalivusha mpaka, ambaye kazini kwake hakuna katazo na ambaye yuko tayari kujifunza kulitumia, rungu hili ni zuri kwa bei yake, na kwangu linapata nyota tatu. Duka linapata nyota moja, ya ufungaji wa mizigo. Langu sasa linakaa kwenye droo ya kando ya kitanda, na maegeshoni ninatembea na tochi kubwa ambayo hakuna mlango unaoikataa.

Lile la pili nililirudisha. Fomu ya marejesho ilinitaka nichague sababu moja kati ya nne: bidhaa ni mbovu, ukubwa si sahihi, nimebadili mawazo, au nyingine. Nilichagua nyingine, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika "kifungu cha 22210, Kanuni ya Adhabu ya California". Baada ya siku tisa walinirudishia dola 39 na senti 10, na barua yao ilieleza kwamba wamekata asilimia 15 ya gharama za kurudisha bidhaa ghalani kwa kuwa mteja alikuwa amebadili mawazo.